Mwenye Banda na Mkanda wa Vichakani

Nyinyi mnaolala na simu vifuani, mkaangalia mazimwi mpaka macho yanatoka maji, haya nawaandikia nyinyi. Msidhani mmeanza nyinyi. Hapa Mtanda, Lindi, watu walishakimbizwa na mazimwi kabla mama zenu hawajaolewa, na kesho yake wakayafuata tena kwa miguu yao wenyewe. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa upande wa pili wa ukuta.

Nataka kuwaeleza habari za mtu mmoja. Jina lake silitaji, hakunipa ruhusa. Alizaliwa wapi na baba yake ni nani, hayo hayatawasaidia kitu. Tulimwita mwenye banda, na inatosha.

Zilikuwa zile zama za ruksa. Tulikuwa tumetoka kwenye miaka ya kupanga foleni ya sabuni, halafu ghafla vitu vikaingia: mitumba, redio za kaseti, viatu vya raba, mafuta ya kunukia. Kila mtu akawa na haraka. Mwenye shamba la mikorosho alitaka duka, mwenye duka alitaka gari, mwenye gari alitaka kuhamia Dar. Ukimuuliza mtu unakimbilia nini anakutazama kama mjinga. Katika haraka hiyo ndipo yeye alipoteremka kutoka kwao, uwanda wa Makonde, akakaa Mingoyo kidogo, kisha akatokea Mtanda na deki ya mikanda ya video, televisheni moja na jenereta linalokohoa. Akajenga banda la makuti, limebanana na jiko langu la uani. Madirisha akayaziba kwa magunia ya korosho ili mchana uwe giza humo ndani. Hakuniuliza.

Siku ya tatu nikamwendea. "Wewe kaka, moshi wa jenereta lako unaingia kwenye mchuzi wangu."

"Samahani, mama. Nitaligeuza."

Akaligeuza kweli. Moshi ukawa unamwingia yeye na wateja wake, wakawa wanatoka mle macho mekundu, na watu wakadhani wamelia kwa filamu.

Filamu zake nilizisikia miaka miwili kabla sijaiona hata moja. Sikutaka kuziona. Lakini ukuta wa makuti hauna adabu, unaleta kila kitu. Nikawa nalijua zimwi kwa kelele za watu. Joka kubwa likitokea, watu wanavuta pumzi pamoja kama wanaomeza uji wa moto. Maiti akifufuka, wanawake wanapiga ukunga na wanaume wanacheka, na kule kucheka kwao ndiko kuogopa kwao. Jitu likikanyaga nyumba za watu, wanashangilia. Sijui kwa nini. Labda kwa kuwa nyumba si zao.

Naye akagundua kwamba nasikia. Basi kila alasiri, watu wakishatoka, anakuja ukutani.

"Mama Somoe, leo ikoje?" Somoe ni binti yangu wa kwanza.

"Zimwi lako la leo bovu. Watu wamekohoa."

"Wamekohoa mwanzoni au mwishoni?"

"Mwanzo hadi mwisho. Na mmoja kalala, nimemsikia anakoroma."

Mkanda ule haurudiwi tena. Nikisema leo wamepiga kelele mpaka chungu changu kimetikisika, unarudiwa wiki nzima. Mimi niliyekuwa siingii ndiye niliyekuwa nachagua watu waogope nini.

Sikuwahi kumwona ameketi. Filamu ikianza anasimama mlangoni, mgongo kwenye televisheni, uso kwa watu. Anaegemea nguzo, anabadilisha mguu, anavuta taulo lililo shingoni, anatoka nje, anarudi. Nilimuuliza mbona haangalii anachowaonyesha wenzake.

"Filamu nimeshaiona," akasema. "Watu ndio sijawaona."

Na alikuwa ndiye mkalimani. Kizungu chenyewe alikuwa hajui zaidi ya salamu. Alikuwa anazima sauti na kusema yeye, sauti nne tano, ya mama, ya polisi, ya zimwi. Mazimwi yake yalikuwa na shida za hapahapa. Jitu linanyanyua gari la moshi, yeye anaunguruma: "Nani kachota maji kwenye kisima changu na ndoo yenye mafuta?" Watu wanaitikia, "Si sisi!" Siku moja mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa amekaa mbele akasimama kukanusha.

"Wewe bwana, hakusema hivyo!"

"Mwalimu, kaa. Wewe umesikia mdomo wake, mimi nimesikia tumbo lake. Ana njaa huyo."

Mwalimu akazomewa mpaka akakaa.

Lakini mtu huyuhuyu, aliyejaza mazimwi kwenye kabati, alikuwa anaogopa chura. Masika nilikuwa naitwa na yeye kama nimeajiriwa.

"Mama Somoe! Mama Somoe, njoo!"

"Kuna nini?"

"Yupo mlangoni."

"Nani?"

"Yule."

Naenda na ufagio, namfagia chura wa watu, yeye amepanda juu ya benchi. Nikamwambia, wewe humo ndani si una dude linalokula treni? Akanijibu bila kucheka: "Lile najua litaruka lini. Huyu sijui."

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi. Nyinyi mnaniuliza bibi, watu wanapenda nini kwenye kutishwa? Nadhani alikuwa amekwisha kujibu akiwa juu ya benchi. Miaka ile hakuna aliyejua kesho kitaruka nini. Bei inaruka, kazi inaondoka, mume anakwenda Dar hana barua. Ukiingia bandani unatishwa na kitu kinachojulikana kitaisha, kisha unatoka nje unakuta jua lipo, mbuzi wapo, unacheka na usiyemjua. Hilo mimi silioni kuwa upuuzi.

Sasa sikilizeni kosa letu, maana kosa hili nadhani lilikuwa letu sisi tu.

Mwenye banda alikuwa pia na kamera, ile kubwa ya kubeba begani, ndiye aliyekuwa anapiga video harusi za Mtanda nzima. Na alikuwa anapiga vibaya. Hatulii, nimeshawaambia. Anaingia katikati ya wachezaji, kamera inayumba kama imelewa, vichwa vinakatwa, mara umeonyeshwa paa, mara sufuria ya pilau. Harusi ya mdogo wangu, bwana harusi anaonekana kuanzia kidevu kwenda chini, mwanzo hadi mwisho. Tuliipenda hivyohivyo. Ndiyo sisi, ndiyo kweli yetu.

Basi macho yetu yakajifunza yenyewe, hakuna aliyeyafundisha: picha iliyotulia ni ya kuigiza, picha inayotikisika ni ya kweli. Filamu za Wahindi zimetulia, wamepanga. Majitu yametulia, wamepanga. Harusi inatikisika, imetokea. Tulikuwa hatujawahi kuona inayotikisika ikawa ya uongo.

Siku moja akarudi kutoka Dar na mkanda mpya. Nilikuwa jikoni. Filamu ikaanza, nikasubiri kelele. Hakuna. Hakuna kukohoa, hakuna kucheka, hata mkalimani kanyamaza. Nusu saa nzima. Nikaona basi, moshi umewaua wote mle ndani. Nikaingia na mwiko mkononi.

Walikuwa hai. Walikuwa wameinama mbele kama wanaotaka kuingia kwenye kile kioo. Na mimi nikaangalia, mara ya kwanza. Palikuwa na pango, tochi, mtu anahema. Watu waliingia humo kumtafuta mnyama, hawakutoka, kilichookotwa ni kamera yao tu, na hiki tunachoangalia ndicho kilichokuwa ndani ya kamera. Mnyama mwenyewe haonyeshwi. Jiwe, maji, kiatu cha mtu, pumzi. Nilisimama palepale mpaka mwisho na maharage yangu yakaungua.

Inavuta hivi. Zile nyingine unaangalia kama mtu aliyekaa ghorofani, waliokufa wamekufa huko chini. Hii ni wewe umeshika kamera. Unataka kugeuka nyuma, na aliyeshika hageuki. Unamwambia toka, hakusikii. Unajua keshakufa zamani, na bado unamwombea atoke.

Watu walipotoka wakamzunguka mwenye banda. "Maiti zilipatikana?" Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Akavuta taulo lake.

"Mmeona?" mmoja akasema. "Kanyamaza. Kuna jambo."

Nilimwambia ukutani, kwa nini hukuwaambia wameigiza? Akasema, "Sikudanganya, mama Somoe. Nilinyamaza tu." Alikuwa anatembea huku na huko, hatua tano kwenda, tano kurudi. "Umewasikia? Hukuwasikia! Miaka yote nawatafutia kelele, kumbe kubwa ni kimya." Nikajua kuna kitu kimemwingia na hakitamtoka.

Hapa lazima niwaeleze alikotoka, kidogo tu. Huko uwandani kijana akishatoka jandoni anaweza kufundishwa ngoma ya kinyago. Mchezaji wanamwita lipiko. Anavaa kichwa cha mti kilichochongwa, mwili mzima anafungwa nguo, hata kidole hakionekani. Anatokea porini, anacheza, anarudi porini. Mwanamke na mtoto hawaambiwi kama ndani kuna mtu. Aliyecheza amekula kiapo: hasemi kamwe kwamba ndani kuna mtu. Akisema, ngoma inamfukuza, na ngoma kwao ndiyo watu. Ndio wanaokuuguza, ndio wanaokuzika. Nilikuwa nimewahi kuliona lipiko Mingoyo nikiwa mtoto, nikakimbia nikaacha kanga.

Mwenye banda alikuwa amecheza ujanani, na alikuwa bado na kichwa chake cha kinyago.

Kiangazi kile akapanda vichakani, mlimani nyuma yetu, peke yake. Akailaza kamera kwenye nyasi ikiwa inafanya kazi, kama vile mwenyewe kaiangusha akakimbia. Kisha akaenda mbali, akavaa, akapita. Kwenye mkanda unaona nyasi zimelala upande, sisimizi anapita karibu kabisa, mkubwa kama ng'ombe. Unasubiri. Halafu kule nyuma kitu kinatoka kwenye miti, kinasimama, kinageuza kichwa, kinaondoka. Basi. Bila mdundo wa ngoma na bila watu wa kukizunguka, hata mimi niliyewahi kukiona sikukitambua.

Bandani alizima sauti. Akasema neno moja tu: "Umeokotwa."

"Wapi?"

"Mlimani hapo."

Watu wakajaa mpaka wakasimama juu ya mabenchi. Wenzake wachache wa uwandani walikuwemo. Wao walijua. Wakanyamaza, maana kiapo ni chao pia.

Mara ya pili kuonyeshwa, mtu mmoja akapiga kelele: "Rudisha nyuma! Nani yule pale?"

Nyuma ya zimwi, kwenye kivuli, palikuwa na mtu ameinama na kikapu. Akainuka. Akasimama mbele ya zimwi, uso kwa uso, kitambo kidogo. Hakukimbia. Akainama tena akaendelea na yake.

"Bibi wa ming'oko!"

Nyote ming'oko mnaijua, ile mizizi ya porini tunayochemsha na kuchuna ganda kwa meno. Bibi huyo ndiye aliyekuwa akiichimba na kutuuzia kwenye ungo. Alikuwa mjane, watoto wake walikuwa wametangulia, anakaa peke yake juu ya kichochoro chetu. Hakuwa na ubaya na mtu ila mdomo wake hauna sukari.

"Mbona hakukimbia?" ndilo lililoulizwa. Kabla ya alasiri limeshajibiwa: hakukimbia kwa sababu ni lake, analifuga. Picha ilikuwa imetikisika mwanzoni alipokuwa anailaza kamera, kwa hiyo ni ya kweli. Mnaona? Tulikuwa na ushahidi.

Ungo wake ukaanza kurudi nyumbani umejaa. Watoto wakaacha kumwamkia. Asubuhi moja akakuta chungu chake kimepasuliwa. Na mimi nisijifanye msafi. Somoe alikuja na bakuli la ming'oko aliyopewa na bibi, nikamwambia, wamwagie kuku. Mtoto akaniuliza kwa nini. Nikamwambia fanya unachoambiwa. Kuku walikula wakanenepa, na mimi nikawa naona haya kuwatazama kuku wangu.

Mjumbe wa nyumba kumi akaitisha kikao. Wakakubaliana aletwe mganga wa kunyoa. Wanaoshukiwa uchawi wananyolewa nywele mbele za watu ili uwatoke, na akishanyolewa hakai tena hapo. Wakapanga Jumamosi asubuhi. Vijana wawili walishaanza kusema habari za kiberiti na paa lake.

Alhamisi nilikuwa namenya mihogo jikoni. Banda limefungwa, hakuna watu. Nikasikia jenereta linawashwa, kisha ukutani ukaja upepo, nyasi, ndege. Halafu sauti ya mwanamume, imezibwa kama inatoka ndani ya mtungi, lakini ni ile ninayoijua ya ukutani:

"Shikamoo, bibi."

Na sauti ya kizee: "Marahaba, baba. Joto hilo humo ndani unaliwezaje?"

"Nimezoea, bibi."

"Haya. Usinikanyagie shimo langu."

Kikabonyezwa kitu. Kimya. Kisha upepo tena, nyasi tena, shikamoo tena.

Niliweka kisu chini nikazunguka.

"Rudisha," nikamwambia.

"Nirudishe nini?"

"Hiyo shikamoo."

Akazima televisheni. "Mama Somoe, wewe hukusikia kitu."

"Nimesikia. Mara mbili."

"Mwanamke hasikii hayo."

"Masikio yangu hujayalalamikia miaka yote hii ulipotaka kujua nani kakohoa."

Akaanza hatua zake, tano kwenda, tano kurudi. Nikamwambia, waambie ulikuwa wewe.

"Siwezi. Nikisema nilikuwa mimi, nimesema kuna mtu."

"Kwani hayupo?"

"Usinifanyie hivyo, mama Somoe. Wakinifukuza sina watu. Nikiugua sina wa kunipa maji. Nikifa nafukiwa kama mbwa aliyegongwa na lori."

"Na yeye? Umri ule, anyolewe hadharani, atupwe barabarani? Nani anampa maji?"

Akajipangusa uso. "Nilimwendea jana. Nikamwambia, bibi, sema wewe. Sema ulimsikia mtu. Wewe hukula kiapo changu."

"Akasemaje?"

"Kaniambia nimpishe mlangoni, nazuia mwanga."

Nikatoka. Nilirudi kwenye mihogo yangu. Siku ile na ya pili yake sikuweza kutulia, nafagia palipofagiliwa, nakwenda mpaka kwa mjumbe narudi sijasema neno. Maana ningeweza kusema mimi. Lakini nani angeniamini, mwanamke aliyesikia kupitia makuti?

Jumamosi uwanja ulijaa. Mganga amekuja na mkoba wake. Bibi alikuwa ameshakuja, hakukokotwa. Kichwa amekiosha mwenyewe, nywele nyeupe bado zina maji, amekaa kwenye kigoda kanga mabegani.

Mjumbe akasema, "Bibi, una neno?"

"Wembe uwe mpya," bibi akasema.

Hakuna aliyecheka. Mganga akautoa wembe kwenye karatasi yake. Ndipo nikasikia jenereta.

Alitoka bandani na televisheni kifuani, ameikumbatia kama mgonjwa, waya unaburuta nyuma. Akaiweka juu ya benchi mbele ya mganga, akaifunika gunia juu ili jua lisiizime picha, akarudi kuchukua deki. Hakumtazama mtu. Mjumbe akauliza, "Bwana, hii ni nini tena?" Akachomeka waya. Akabonyeza, kisha akazungusha kitufe cha sauti mpaka mwisho.

Nyasi. Sisimizi. Zimwi. Watu wa mbele wakarudi nyuma.

"Shikamoo, bibi."

Uwanja mzima ukawa kimya, kile kimya alichokuwa anakitafuta. Mtoto mmoja mdogo mgongoni kwa mama yake, aliyesikia salamu tu, akasema, "Marahaba." Kisha kwenye televisheni bibi akauliza habari za joto, na zimwi likajibu limezoea.

Mwenye banda akasimama mbele ya kioo. "Ni mimi," akasema. "Aliyekuwa mle ndani ni mimi." Angeweza kuishia hapo. Lakini aliwatazama wanawake na watoto, akamalizia: "Mle ndani huwa kuna mtu."

Wanaume wawili wa uwandani waliinuka. Mmoja alimshika mkewe mkono wakaondoka. Mwingine alitema mate chini, akamfuata.

Mganga akaurudisha wembe kwenye karatasi. Watu wakaanza kucheka, kicheko cha haya, kila mtu anamcheka mwenzake. Mjumbe akamgeukia bibi kwa ukali, kama vile yeye ndiye mwenye makosa. "Bibi, kwa nini hukusema?"

"Mliniuliza kama nafuga zimwi," bibi akasema. "Sifugi."

Nilimsindikiza mpaka kwake, nikamwomba radhi kwa ming'oko niliyomwagia kuku. Akaniambia kuku wana bahati. Nikamuuliza tena, pole pole, mbona alikuwa tayari kunyolewa.

"Mwanangu," akasema, "marehemu mume wangu alikuwa wa huko uwandani. Alicheza. Miaka thelathini nimempikia, nguo zake za ngoma nazikuta zina jasho, na sikumwambia hata siku moja kwamba najua. Leo nikamseme mtoto wa watu kwa ajili ya nywele?"

Banda halikudumu. Watu walikuja, lakini kila zimwi lilipotokea, kubwa namna gani, lina meno namna gani, watoto wanapiga kelele, "Shikamoo, bibi!" na banda zima linavunjika kwa kicheko. Nilikuwa nasikia jikoni. Naye aliacha kuja ukutani kuuliza. Wazee wa uwandani walikuja mchana mmoja, wakaingia, wakatoka na kichwa cha kinyago kimefungwa kwenye shuka. Baada ya Ramadhani akauza deki, akarudi Mingoyo. Aliniaga kwa kunipa yale mabenchi. Mengine nilipasua kuni.

Mwaka jana nilikwenda Mingoyo kwenye maulidi, nikamuulizia. Nikaonyeshwa chumba nyuma ya mashine ya kusaga. Alikuwa amelala kwenye mkeka, miguu imevimba, jicho moja limeingia utando.

"Nani?"

"Mimi, mama Somoe."

"Karibu. Hakuna kiti."

Nikakaa chini. Akaniuliza, "Bibi yupo?"

"Alifariki zamani. Alifia kitandani kwake, nywele zake zote kichwani."

Alicheka mpaka akakohoa. Nikamwambia vijana siku hizi wanaangalia mazimwi kwenye simu, kila mmoja peke yake, hata hawapigi kelele. Akatikisa kichwa. "Sasa nani anawashika mkono?" akauliza.

Nikamuuliza nani anampikia. Mama wa mashine humletea uji. Na watu wake? Akasema wiki iliyopita walipita hapo nje kwenda msibani, na ngoma yao, karibu kabisa na mlango.

"Nimewajua kwa hatua," akasema. "Ni watoto wa wale niliocheza nao. Wanacheza vizuri. Hakuna aliyesimama."

"Hukuwaita?"

"Niwaite niseme nani?"

Mimi sipendi kuzunguka, nikamuuliza kama anajuta.

"Najuta," akasema. "Usije ukadhani sijuti." Kisha akaniuliza kama barabara ya Lindi bado ina vumbi, na tukazungumza vumbi mpaka gari nililokuja nalo likapiga honi.

Usingizi sikupata njia nzima, wala chakula sikukitaka. Jioni ile, kabla ya magharibi, niliwaita wote uani, wanangu, wake zao na wajukuu, nikawasimamisha, sikutaka mtu akae akastarehe. Nikawaambia: "Kesho asubuhi mnakwenda Mingoyo kumchukua mwenye banda. Mje naye na mkeka wake. Chumba cha nyuma kitolewe mahindi sasa hivi. Si wa dini yetu, padri wake mtamtafuta, na uji wake usipikwe kwa kununa. Siku akifa turubai litafungwa hapa, na wanaume wa nyumba hii ndio watakaochimba na kubeba. Akipita mtu akauliza huyu ni nani wenu, mwambieni ni wetu. Haya, mahindi yatolewe."